Nilitia sahihi fomu ya utafiti wa jeni, sasa kaka anasema nimeuza damu ya ukoo

Swali: Habari wakili. Mama yangu anatibiwa saratani ya matiti katika hospitali moja hapa Nairobi. Miezi miwili iliyopita, tukiwa kwenye foleni ya kemo, walikuja watafiti wakatueleza habari za utafiti wa jeni za saratani. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kumi na mbili, muuguzi akatufasiria kwa kifupi. Mama alitia sahihi kwa sababu aliogopa kwamba akikataa atarudishwa nyuma kwenye foleni. Mimi nilitia sahihi kwa sababu mama mdogo alifariki kwa ugonjwa huo huo, na nataka kujua kama nami ninao. Tulitolewa damu, tukatumiwa shilingi 1,000 za nauli kwa M-Pesa. Sasa wamepiga simu wanataka nimlete binti yangu wa miaka 14, na ikiwezekana kaka yangu mkubwa. Kaka amewaka. Anasema nimeuza damu ya ukoo bila kumuuliza, kwamba itapelekwa ng'ambo watengeneze dawa waje watuuzie, na kwamba kampuni za bima zikijua hatutapata bima tena. Nilipoisoma fomu upya nikaona sampuli zitahifadhiwa miaka 15 na zinaweza kutumika katika "utafiti wa baadaye" ndani na nje ya nchi. Je, naweza kujitoa? Kaka ana haki ya kunikataza? Na hili nauliza kwa aibu: kwenye mazishi ya baba kuna maneno yalisemwa kuhusu kaka, kwamba si wa baba. Damu hii inaweza kufichua hayo? Naomba unijibu kabla hawajapiga simu tena.

Jibu: Dada, pole kwa ugonjwa wa mama, na pole kwa moto uliowaka nyumbani. Nikupe kwanza yale ya haraka ili upate usingizi, halafu tuingie ndani. Kujitoa unaweza, leo au mwaka ujao, bila kueleza sababu, na matibabu ya mama hayawezi kuguswa kwa ajili hiyo. Kaka hana mamlaka ya kisheria ya kukukataza. Binti yako, kwa maoni yangu, asubiri. Lile la baba lina jibu refu, lakini halitishi kama unavyolihofia.

Nianze na mama, kwa sababu sentensi moja ya barua yako ilinikera kuliko zote: kwamba aliogopa kurudishwa nyuma kwenye foleni. Idhini iliyotolewa kwa hofu ya kunyimwa tiba si idhini. Matibabu ni jambo moja, utafiti ni jingine, hata kama yote yanafanyika kwenye korido moja na anayekuja na fomu amevaa koti jeupe lile lile. Daktari anakutibu wewe. Mtafiti anatafuta jibu la swali lake, na huenda jibu hilo likapatikana mama akiwa ameshamaliza kemo zamani. Wagonjwa wengi huchanganya haya mawili, na si kosa lao. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 32, anayeshikilia taarifa zako ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba uliridhia. Wewe huna la kuthibitisha. Kwa hiyo mama ana haki ya kuwaambia wapige hatua nyuma, waje wamweleze upya kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, polepole, akiwa ametulia na si akiwa na sindano mkononi. Baada ya hapo akikubali, amekubali. Akikataa, foleni inabaki pale pale. Kuhusu kurasa kumi na mbili za Kiingereza, lawama nyingi ziende kwa sisi mawakili, tunaodhani kila aya ya ziada ni kinga.

Zile shilingi 1,000 zisikusumbue. Kamati za maadili hukubali mshiriki arudishiwe nauli na muda wake; kinachokatazwa ni pesa kubwa kiasi cha kumfanya mtu asahau kufikiri. Unakumbuka foleni za Worldcoin pale KICC mwaka 2023, watu wakipigwa picha za mboni za macho kwa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000? Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe. Moja ya hoja nzito ilikuwa kwamba idhini iliyovutwa kwa pesa ina kasoro. Nauli yako haijafika huko.

Sasa tumgeukie kaka. Amechanganya uvumi na ukweli, na ingekuwa rahisi kumcheka kwa uvumi na kumkosea kwa ukweli.

Nianze na uvumi: hakuna atakayetumia chupa mbili za damu kutengeneza mtu mwingine, wala kuiongeza mgonjwa wa Ulaya, wala kufanya nayo mambo ya giza. Damu yenyewe haina thamani kubwa kwao. Wanachokitaka ni DNA iliyo ndani ya seli, ule mfululizo wa herufi za kikemia zipatazo bilioni 3 ambazo mashine huzisoma na kuzihifadhi kama faili la kompyuta. Ukishaelewa hapo, wasiwasi wako unahama mahali pake. Chupa inaweza kumwagwa kesho. Faili linaweza kunakiliwa, kutumwa, kulinganishwa na mengine, na kuulizwa maswali ambayo leo hayajulikani.

Watafiti watakuambia jina lako halimo, kuna msimbo tu, na ufunguo wa kuunganisha msimbo na jina umefungiwa Nairobi. Mara nyingi hilo ni kweli, na ni ulinzi mzuri. Lakini asikuambie mtu kwamba haiwezekani kabisa kukutambua. Mwaka 2008 wanasayansi walionyesha kwamba unaweza kubaini kama DNA ya mtu fulani imo katika takwimu za jumla zilizochanganya watu wengi. Mwaka 2013 wengine wakaweza kufikia majina ya ukoo ya baadhi ya washiriki kwa kulinganisha kromosomu Y, sehemu ya DNA ambayo mwanamume huirithi kwa baba yake, na tovuti za nasaba zilizo wazi kwa umma. Na mwaka 2018 polisi wa California walimkamata muuaji aliyewashinda kwa miongo kadhaa, Joseph DeAngelo, kupitia hifadhi ya DNA ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kujiandikisha. Ndugu zake wa mbali ndio waliojiandikisha.

Hapo ndipo kaka yako ameshika ukweli, labda bila kujua kiasi gani. Ukimpa mgeni ufunguo wa geti la ploti, hujamfungulia chumba chako peke yako. Wewe na mama mnagawana nusu ya DNA. Na kaka pia mnagawana sehemu kubwa. Sheria, kwa upande wake, inamuuliza mtu mmoja mmoja. Katiba yetu, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data inaweka taarifa za jeni katika kundi la data nyeti, pamoja na hali ya afya na asili ya kabila. Hakuna mahali inaposema ukoo upige kura. Nadhani hiyo ni sawa. Fikiria mgonjwa anayehitaji kipimo ili kuokoa maisha yake, na binamu aliyeko Eldoret anasema hapana. Hata hivyo, kutokuwa na haki ya kukataza si sawa na kutostahili kuambiwa. Wasan, jamii ya wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, baada ya miaka mingi ya watafiti kuingia na kutoka bila kuwaheshimu, walichapisha mwaka 2017 kanuni zao wenyewe za maadili wakidai watafiti wazungumze na jamii kwanza. Huo ni ukoo mkubwa ukisema jambo lile lile analolisema kaka yako sebuleni.

Kwa hiyo usimwambie "haikuhusu". Inamhusu, na nitakuonyesha hapa chini inamhusu kwa njia ambayo yeye hajaifikiria.

Kuhusu kupelekwa ng'ambo: ndiyo, hutokea, na peke yake si wizi. Mashine nyingine na wataalamu wengine wako nje. Chini ya sheria yetu, data nyeti haichakatwi nje ya Kenya bila idhini ya mwenyewe na uhakika kwamba kuna kinga za kutosha huko inakokwenda. Sampuli nazo huenda na mkataba wa uhamishaji unaosema ni za nani, zitumike kwa nini, na zikibaki zifanyweje. Mikataba hiyo huwa na meno pale upande wa Afrika unapoikazia. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kilidai kirudishiwe sampuli kutoka taasisi ya Sanger ya Uingereza, baada ya madai kwamba DNA ya Waafrika ilikuwa inaelekezwa kwenye bidhaa ya kibiashara ambayo makubaliano hayakuiruhusu. Sanger ilikana kukosea. Lakini chuo kingewezaje kudai kama makubaliano hayakuwa yameandikwa?

Mimi ningeacha kubishana kuhusu ndege na kuangalia yale maneno matatu uliyoyaona: "utafiti wa baadaye". Hapo ndipo penye uzito wa fomu nzima. Kuna idhini ya mahsusi, ambapo damu yako itatumika kwa utafiti huu tu. Kuna idhini pana, ambapo umekubali matumizi mengine yasiyojulikana bado, mradi kamati ya maadili iyapitishe. Na kuna idhini ya ngazi, ambapo unaweka alama: saratani ndiyo, magonjwa mengine ndiyo, asili ya makabila hapana, kampuni za biashara hapana. Watafiti wanaipenda idhini pana kwa sababu za haki kabisa: maswali mazuri mara nyingi huja baada ya miaka kumi, na kuwatafuta watu waliohama kutoka Kayole kwenda Ruai kuwauliza tena ni kazi. Lakini upana una bei. Kabila la Havasupai huko Arizona lilitoa damu kuanzia mwaka 1990 likidhani ni kwa ajili ya kisukari, ugonjwa uliokuwa unawamaliza. Baadaye waligundua kwamba damu ile ilitumika pia kuchunguza skizofrenia, ndoa za ndani ya ukoo, na asili ya uhamiaji wao, jambo lililogongana na simulizi zao takatifu. Kesi ilimalizwa mwaka 2010 kwa chuo kikuu cha huko kulipa dola 700,000 na kurudisha damu. Hakuna aliyekuwa ameugua kwa sababu ya utafiti ule; madhara yalikuwa ya heshima.

Swali lako kwa watafiti basi ni hili: naweza kubaki kwenye utafiti wa saratani na kukataa sehemu ya matumizi ya baadaye? Katika tafiti nyingi inawezekana. Ikiwa fomu yao haina nafasi hiyo, waambie waandike. Wakikataa, uamuzi wako umekuwa rahisi zaidi.

Na dawa watakazotuuzia? Hapa siwezi kukupa faraja tamu. Jeni yako ilivyo mwilini haiwezi kufanywa mali ya kampuni: Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 haihesabu ugunduzi wa kitu cha asili kuwa uvumbuzi, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua vivyo hivyo mwaka 2013 katika kesi ya Myriad, kampuni iliyokuwa na hataza (haki za kisheria za kumiliki uvumbuzi) za jeni za BRCA1 na BRCA2, hizi hizi zinazoweza kuhusika na saratani ya mama. Lakini kipimo, dawa au mbinu iliyotengenezwa kutokana na maarifa hayo inaweza kulindwa na kuuzwa, na karibu kila fomu ina sentensi inayosema mshiriki hatapata mgawo. Mkataba wa Nagoya, ambao Kenya imo, unadai wenye mimea na wanyama wagawiwe faida. Jeni za binadamu haziguswi na mkataba huo. Pengo hilo ni la kweli.

Nairobi tunalijua pengo hilo kwa karibu. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walifuatilia wanawake wa Majengo, Pumwani, waliokuwa wakifanya biashara ya ngono, wakaona baadhi yao hawaambukizwi virusi vya Ukimwi ingawa walikuwa katika hatari kila siku. Damu ya wale kina mama ilitoa mwanga kwa utafiti wa chanjo uliofanywa pamoja na Oxford. Kisha ukazuka mzozo wa hataza, Wakenya wakilalamika kwamba chuo chao hakikutajwa kuwa mmiliki mwenza, hadi pande zikakaa mezani. Tazama nani alikuwa akigombana: maprofesa na vyuo. Wanawake wenyewe walipata kliniki na matibabu, jambo la maana sana kwa mtu wa Majengo, lakini jina la yeyote kati yao halikuwa kwenye karatasi yoyote ya umiliki. Chanjo ile haikufaulu, hivyo hakukuwa na utajiri wa kugawana. Swali lilibaki bila jibu kwa bahati tu.

Ukiniuliza, basi, kwa nini nisikuambie ujitoe mara moja, ni kwa sababu kutokuwemo nako kunatuumiza. Hifadhi za jeni duniani zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mwanamke wa Nairobi akipimwa leo, ana nafasi kubwa kuliko Mzungu ya kupewa jibu la "badiliko lisilojulikana maana yake", kwa sababu tu hakuna wenzake wa kutosha wa kulinganishwa naye. Mwaka 2020 utafiti wa H3Africa, mtandao wa watafiti wa jeni barani Afrika, ulisoma DNA za watu 426 tu kutoka makundi 50 ya bara hili, ukapata mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Watu 426! Hata wakazi wa Korogocho na Viwandani wamechangia katika kazi za namna hii, kupitia kituo cha utafiti cha APHRC. Kila anayejiunga akielewa anapunguza upofu huo. Anayejiunga bila kuelewa anaupunguza pia, ila yeye anakuwa ametumiwa.

Sasa tuje kwenye sababu yako halisi: unataka kujua kama unayo. Fungua fomu utafute sehemu inayozungumzia kurudishwa kwa matokeo. Tafiti nyingi hazirudishi matokeo ya mtu binafsi kabisa. Nyingine hurudisha yale tu yanayoweza kuchukuliwa hatua ya kitabibu. Kama yako haitarudisha, utasubiri miaka 15 bila kuambiwa lolote, na itakuwa si wao waliokudanganya. Na hata wakirudisha, jibu la maabara ya utafiti linapaswa kurudiwa katika maabara ya hospitali kabla mtu hajakatwa au kupewa dawa.

Ujue pia unachokitafuta. Saratani nyingi za matiti si za kurithi. Zile zinazotokana na jeni moja iliyorithiwa ni takriban asilimia 5 hadi 10. Lakini mama na mama mdogo wote wawili ni dalili ya kutosha kuuliza. Kama mama ana badiliko baya la BRCA1, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kulirithi, na kwa mwanamke aliyelirithi, makadirio ya tafiti, nyingi zikiwa za Ulaya na Marekani, ni kwamba kati ya asilimia 55 na 72 huugua saratani ya matiti kufikia miaka 70 hadi 80. Hiyo si hukumu ya kifo. Ni sababu ya kuanza uchunguzi mapema. Na njia fupi haiko kwenye utafiti: ni mama kupimwa kitabibu kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyeugua. Akiwa nalo, ninyi wengine mnapimwa badiliko lile lile moja tu. Akiwa hana, hofu yenu inapungua, ingawa haiishi kabisa. Zaidi ya hayo, zipo dawa, kama olaparib, zinazofanya kazi hasa kwa wenye mabadiliko ya BRCA, kwa hiyo jibu linaweza kuhusu tiba yake mwenyewe. Mwulizeni daktari wake wa saratani kliniki ijayo.

Nimwambie kaka neno hapa: wanaume hulirithi pia. Kwao huongeza hatari ya saratani ya tezi dume, na hata ya matiti, na hulipitisha kwa mabinti wao. Kama ana wasichana, jambo hili ni lake kuliko alivyodhani alipokuwa akifoka.

Bima. Kenya haina sheria mahsusi inayokataza kampuni ya bima au mwajiri kuuliza habari za jeni. Marekani wanayo tangu 2008, na hata ile haigusi bima ya maisha. Sisi tuna Kifungu cha 27 cha Katiba kinachokataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya, na Sheria ya Ulinzi wa Data. Ngao nzuri, lakini utalazimika kwenda nayo mahakamani. Mtafiti hana ruhusa ya kumpa bima taarifa yako bila idhini yako. Hatari iko upande mwingine, na watu wengi hawaioni: bima hudai mteja aseme ukweli wote anaoujua. Faili lako likiwa kwa watafiti na wewe hujaambiwa kitu, huna cha kuficha. Siku utakapopewa jibu, unalijua, na fomu ya bima ya maisha ikikuuliza, ukidanganya unaweza kunyimwa malipo baadaye. Ndiyo maana wapo wanaomaliza mambo ya bima kabla ya kupima. Sioni dhambi hapo, mradi hujui bado na hudanganyi. Bima ya serikali ya SHA ni tofauti: inakatwa asilimia 2.75 ya mapato bila kujali unaumwa nini.

Lile la aibu sasa, na si la aibu hata kidogo. Nalisikia zaidi ya unavyodhani. Ndiyo, kompyuta inaweza kuona. Ndugu wa baba na mama mmoja hugawana takriban nusu ya DNA; wa mama mmoja na baba tofauti, takriban robo. Watafiti hukagua undugu kama sehemu ya kuhakikisha sampuli hazijachanganyika, kwa hiyo kaka akijiunga, tofauti hiyo ingejitokeza kwenye skrini ya mtu asiyemjua yeyote kati yenu. Utaratibu wa kawaida ni kutowaambia wahusika. Uliza kama utafiti huu unafuata hivyo, na ipo wapi kwenye fomu. Kumbuka pia kwamba ugonjwa unaotafutwa unatoka upande wa mama. Baba ni nani hakubadilishi hatari ya kaka hata chembe, na kama atataka kujua hali yake anaweza kupimwa lile badiliko moja hospitalini, kipimo kisichosema lolote kuhusu ubaba.

Na kama nyuma ya maneno yale ya mazishini kuna shamba, sikiliza vizuri. Sheria ya Urithi ya Kenya humhesabu kuwa mtoto wa marehemu yule ambaye marehemu alimkubali kuwa wake au aliyejitwika jukumu la kumlea daima. Kama baba alimlea, akamsomesha, akamwita mwanangu, DNA haimfukuzi mlangoni. Data ya utafiti haikukusanywa kwa ajili ya korti, na serikali nayo haijiokotei tu DNA za watu: Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, ule usajili wa kidijitali wa wananchi, Mahakama Kuu ilisema kukusanya DNA za wananchi kwa usajili ule ni kinyume cha Katiba. Sipendekezi umwambie kaka haya maneno ya mazishini. Ila asishinikizwe kujiunga, na ukweli kwamba hataki iwe mwisho wa maneno.

Kwa binti, mzazi ndiye anayetoa idhini hadi miaka 18, lakini mtoto wa miaka 14 lazima aulizwe naye, na "sitaki" yake iheshimiwe. Katiba inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Saratani inayotafutwa hapa ni ya watu wazima. Kwa sasa hakuna tiba atakayoanza kwa kujulikana jeni yake. Miongozo ya maadili kwa kawaida hushauri kutopima watoto magonjwa ya ukubwani, ili wachague wenyewe wakikua. Waulize watafiti kwa nini wanamhitaji yeye hasa. Kama jibu ni "kukamilisha ukoo", basi ukoo ungoje miaka minne.

Ukiamua kujitoa, andika, hata barua pepe fupi: sema unaondoa idhini, unataka mabaki ya sampuli yaharibiwe na data yako ifutwe, na uthibitishiwe kwa maandishi. Kilichokwisha kuchanganywa katika matokeo au kuchapishwa hakirudi. Fahamu hilo mapema. Ukiamua kubaki, weka mipaka yako kwa maandishi vile vile. Kwenye ukurasa wa mwisho wa fomu kuna nambari ya kamati ya maadili iliyopitisha utafiti, tofauti na ile ya mtafiti. Piga hiyo kuhusu namna mama alivyoombwa sahihi kwenye foleni, hata kama hutaki kujitoa. Kamati zinahitaji kusikia. Omba pia nambari ya leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu tafiti nchini. Wakikuzungusha kuhusu data, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria ina siku 90 za kuyamaliza, na hulipi wakili.

Kuna mambo ambayo hayafai kumalizwa kwa barua. Kama mama amedhoofika kiasi cha kutoelewa alichotia sahihi, kama yeyote ametishia tiba yake, au kama maneno ya mazishini yamegeuka kuwa kesi ya shamba, muone wakili ana kwa ana. Kituo cha Sheria husaidia wasio na uwezo, na KELIN wana uzoefu wa haki za afya. Kwa upande wa ugonjwa, usisubiri jibu la utafiti wala la kaka. Kwa historia yenu, nenda kwa daktari sasa uanze kuchunguzwa matiti, umwambie kuhusu mama mdogo na umri aliougua. Washauri wa mambo ya jeni ni wachache nchini, lakini daktari wa saratani wa mama anaweza kukuelekeza. Na wale watafiti wakipiga kabla hujawa tayari, waambie wapige tena baada ya kliniki ya mama.